Deni la Desemba

Kila mwaka, mwezi wa Desemba unapokaribia, watu wenye mishahara katika mji wa Dar es Salaam hufanya dhuluma ndogo ambayo hakuna hakimu aihukumuye, wala sheikh au padri aikemeaye, kwa sababu wote hao huifanya pia. Dhuluma yenyewe ni hii. Kwa miezi kumi na mmoja mtu hula kwa daftari la mwenye duka wa mtaani kwake: sukari leo, unga kesho, mafuta keshokutwa, na neno lake ni moja tu, "andika". Mwezi wa kumi na mbili mshahara hutoka, aghalabu mapema kuliko miezi mingine ili watu wapate kuandaa sikukuu. Fedha hizo hazipiti katika mlango wa duka lile. Hupanda gari, zikaenda katika supamaketi yenye kiyoyozi, zikarudi nyumbani zimekuwa mchele, maziwa ya kopo, na biskuti zilizopangwa ndani ya bati lenye picha ya theluji. Januari ikiingia, mtu yule yule hurejea kwenye nondo za dirisha la duka, sauti yake imepungua, na neno lake ni lile lile.

Yamkini msomaji atasema kwamba fedha ni za mwenyewe, na mwenye fedha hana bwana. Sikatai. Lakini sizungumzi juu ya haki ya mtu kununua apendapo. Nazungumza juu ya mtu kukubali kubebwa mwaka mzima, na siku apatapo nguvu za kutembea akampita aliyembeba kama asiyemjua. Wala maneno haya siwaelekezei wale ambao mwaka wote hawana hata dhamana ya kukopea. Nawaelekezea waliosoma: wahadhiri, makarani, wauguzi, maofisa, na wanafunzi ambao kesho watakuwa hao. Wanafunzi wasijitoe haraka. Fedha za bodi ya mikopo zikichelewa, duka la Msewe au Changanyikeni hujua. Zikiingia, duka hilo ndilo la mwisho kupata habari.

Tulitazame duka lenyewe. Mjini Dar es Salaam mwenye duka la mtaa huitwa Mangi, hata pengine akiwa hakuzaliwa Uchagani. Hilo lilikuwa jina la watawala wa Kilimanjaro, ambao vyeo vyao vilifutwa mwaka 1963 pamoja na vya watemi na machifu wengine wa Tanganyika. Leo limekuwa jina la mtu auzaye robo ya sukari. Kwa maoni yangu cheo hakikushuka. Mangi huyu amekodi fremu moja, na kodi ya fremu hudaiwa ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, kabla hajauza hata kibiriti kimoja. Hufungua alfajiri kwa ajili ya mkate na majani ya chai ya watoto wa shule, hufunga usiku watu wakiisha kulala. Tena hupima. Neno hili dogo ndilo tofauti yake kubwa na supamaketi: mafuta ya kula hupimwa yakatiwa katika kichupa alichokuja nacho mnunuzi, unga hupimwa nusu kilo au robo, mche wa sabuni hukatwa vipande, na sigara huuzwa moja moja. Mtu mwenye shilingi elfu moja ni mteja kamili kwa Mangi. Katika supamaketi mtu huyo hana la kufanya ila kutembea katikati ya rafu na kutazama.

Bidhaa zake Mangi huzitoa kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, Manzese na Tandale. Sehemu huilipia taslimu. Sehemu huichukua kwa mali kauli, yaani hupewa mali kwa kauli yake kwamba ataleta fedha akiisha kuuza. Ingefaa wanafunzi wa lugha walitazame neno hili kwa makini. Maneno mawili yenye asili ya Kiarabu yamewekwa kando kwa kando pasipo kiunganishi, na juu yake umesimama uchumi mkubwa wa mji huu ambao haumo katika hotuba ya bajeti. Mwenye jumla humwamini Mangi kwa kauli. Mangi naye hutuamini sisi kwa kauli. Na sisi ni pete ya mwisho ya mnyororo huo, pete iliyosoma kuliko zote, tena ndiyo ikatikayo.

Ikikatika, madhara yake hayasimami kwetu. Mwaka unapokwisha mwenye jumla hutaka fedha yake ili afunge hesabu zake. Mangi asiyelipa Desemba hapewi mali Januari; na Januari ndio mwezi ambao shule hufunguliwa, ada na sare na madaftari vikaimeza mishahara, na watu wakahitaji kukopa kuliko mwezi mwingine wowote. Mwenye mshahara aliyempita Mangi katika sikukuu atakuta rafu zimepungua, atanung'unika, kisha atatafuta njia nyingine. Lakini jirani yake, mama afuaye nguo za watu au kijana abebaye mizigo stendi, hana njia nyingine. Rafu tupu ya Januari kwake ni chungu kisichopikwa. Hapo ndipo ninapoiita kazi hii dhuluma, nisitafute neno laini zaidi.

Kwa kuwa jarida hili husomwa na watu wa maandishi, nitakaa kidogo katika daftari. Ni daftari la shule la kawaida, jalada lake limepindana kwa jasho na unga. Humo hakuna mtu mwenye jina lake la cheti. Kuna Mama Neema, kuna Baba Juma wa juu na Baba Juma wa bondeni, kuna Mwalimu, Dada wa saluni, Mzee wa baiskeli, na Jirani, ambaye ni mmoja tu katika mtaa mzima wa majirani, nasi hatuambiwi kwa nini. Mbele ya jina hukaa bidhaa, na mbele ya bidhaa hukaa fedha. Aliyelipa hupigwa mstari. Watu hutajwa kwa watoto wao, kwa kazi zao, au kwa mahali wakaapo, maana Mangi hamkopeshi mtu aliye peke yake, humkopesha mtu aliyefungamana na mtoto, na nyumba, na mlango unaojulikana. Benki hudai hati ya nyumba. Daftari huridhika kwamba Neema anasoma shule ya hapa hapa. Tumehifadhi barua za masultani na tenzi za Pate na Lamu kwa hati za Kiarabu, na tumefanya vyema. Walakini daftari la duka likijaa huchanwa karatasi za kufungia karanga, na pamoja nalo huenda ushahidi wa namna Waswahili wa mjini wanavyoaminiana.

Ushahidi huo una historia. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, iliamua kwamba mfanyabiashara asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika hawezi kumdai mahakamani, isipokuwa mkopo ule umeandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Ilisemekana kwamba Mwafrika analindwa asinyonywe. Pengine alilindwa, lakini vile vile alitangazwa kuwa ni mtu ambaye ahadi yake haina thamani mpaka Mzungu aitie sahihi. Wenye maduka wa siku zile, wengi wao Wahindi na Waarabu, hawakuwa malaika, na mizani yenye kidole haikuanza jana. Hata hivyo mikopo midogo ya dukani haikukoma. Iliendelea pasipo sheria nyuma yake, mkopeshaji akijua kwamba akidhulumiwa hana pa kushtaki. Daftari tunalolidharau leo limerithi ujasiri huo.

Sasa tuje kwenye hoja kuu ya wapinzani, nayo ni bei. Husema: Mangi ni ghali. Katika vitu vingine ni kweli, nami sitaki kushinda hoja kwa kuificha kweli. Mangi hununua magunia mawili pale supamaketi inaponunua lori zima, na tofauti hiyo lazima ionekane mahali. Wapo pia wenye maduka wanaopunja kipimo, na wapo wanaopandisha bei ya mafuta usiku wa kuamkia sikukuu. Hao wasinunuliwe; mtaa hauna duka moja. Lakini anayelinganisha bei na alinganishe bei nzima. Aweke humo nauli ya kwenda na kurudi, au petroli na foleni ya Ubungo. Aweke vitu vitano alivyoviokota njiani kwa sababu viliwekwa karibu na mahali pa kulipia, makusudi aviokote. Juu ya yote aweke thamani ya mkopo wa miezi kumi na mmoja uliokuwa hauna riba.

Jambo hili la riba watu wetu hulipita upesi mno. Tunaishi katika siku ambazo mikopo ya simu hukata ada yake papo hapo, na mikopo mingine mitaani ni ya kikatili hata wananchi wenyewe wameibatiza jina la kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi pasipo leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo walizoea kuwatangaza wadaiwa kwa jamaa na rafiki zao ili kuwaaibisha. Mangi, akidai, hushusha sauti. Kama shilingi mia aliyoizidisha katika kilo ya mchele ndiyo riba yake, basi sijaona riba nyingine mjini iliyo na haya kiasi hicho.

Tena kuna hesabu ambayo husahauliwa na wote wawili, wanaoyatetea maduka madogo na wanaoyabeza. Mangi ni mkopeshaji. Supamaketi ni mkopaji. Duka kubwa huchukua mboga, mayai, maziwa na asali kwa mzalishaji, huviuza kwa fedha taslimu siku ile ile, na humlipa mwenye mali baada ya mwezi, miezi miwili, au mitatu. Katika muda huo fedha ya mkulima huendesha kiyoyozi. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitangaza faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1 za nchi hiyo juu ya kampuni iendeshayo maduka ya Carrefour huko, kwa kosa la kutumia vibaya nguvu yake ya ununuzi dhidi ya wazalishaji waliompelekea bidhaa. Basi tunapobeba fedha za sikukuu kutoka kwa yule anayetukopesha kwenda kwa yule anayewakopa wadogo, tusijisifu kwamba tumejua kununua.

Na mkopaji mkubwa akianguka, huangukia watu. Sisi wa Mlimani tumeona kwa macho, kwa kuwa jengo la Mlimani City lilifunguliwa mwaka 2006 juu ya ardhi ya Chuo Kikuu chenyewe. Humo ilikuwamo Shoprite ya Afrika Kusini. Mwaka 2014 ikayauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya. Nakumatt nayo ikadhoofika, rafu zikawa nyeupe, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Kabla ya hapo, Oktoba 2015, Uchumi, ambayo pia ni ya Kenya, ilikuwa imeyafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda, na waliowapelekea bidhaa wakabaki na ankara mikononi. Game ya Afrika Kusini ikaondoka mwishoni mwa mwaka 2022. Kila moja ilipokuja tuliambiwa kwamba siku za Mangi zimekwisha. Kila moja ilipoondoka, watu wa Sinza na Mwenge walinunua chumvi siku ile ile mahali pale pale walipoinunua siku zote.

Wazee wetu wanakumbuka majaribio mengine ya kuishi pasipo Mangi, nayo hayakutoka kwa mabepari wa nje. Mwaka 1976 palitangazwa Operesheni Maduka, ambayo kwayo maduka ya watu binafsi yalifungwa katika sehemu nyingi za nchi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia yake ilikuwa kuung'oa unyonyaji, na mimi si katika wale wanaocheka kila nia ya siku zile. Lakini aliyeitunga amri ile alidhani duka ni chumba chenye bidhaa. Hakuona kwamba duka ni elimu: kujua nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hulipa baada ya mavuno, lini mafuta ya taa hupungua, nani hununua dawa ya mbu. Chumba kilibaki, elimu ikaondoka na mwenyewe, bidhaa zikaadimika, na haikupita muda mrefu kabla ya amri kulegezwa. Kisha zikaja foleni za sukari na sabuni za mwanzo wa miaka ya 1980, mpaka mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa. Watoto wa foleni zile ndio wengi wetu tulio na vyeo leo. Ingekuwa rahisi kwetu, kuliko kwa wengine, kukumbuka jinsi mtaa unavyokuwa pasipo duka.

Wengine watanijibu kwamba kazi ya kuwalinda wafanyabiashara wadogo ni ya serikali. Serikali imejaribu. Julai 2025 ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara 15, na za rejareja na jumla zikiwamo, ila supamaketi. Msomaji aitazame vizuri hiyo "ila". Amri inaweza kumwondoa mgeni anayeshindana na Mangi akiwa na fremu moja kama yake. Mwenye mtaji wa fremu mia haimgusi. Hata kama ingemgusa, hakuna amri iwezayo kumshika mkono raia mwenye mshahara na kumrudisha mtaani kwake siku ya tarehe 23 Desemba. Tena mimi siupendi utetezi unaouliza kwanza mtu ametoka wapi. Duka la Mhindi wa Kisutu aliyewakopesha watu wa mtaa wake miaka thelathini ni duka la hapa, na ninalolisema juu ya Mangi nalisema juu yake. Vivyo hivyo nalisema juu ya Idi kama nilivyolisema juu ya Krismasi: tende na unga wa futari huandikwa katika daftari mwezi mzima wa Ramadhani, kisha mchele wa biriani ukanunuliwa kwingine.

Imebaki hoja moja ambayo hutolewa kwa kicheko, nami naiona ndiyo ngumu kuliko zote. Husema: hata tukitaka kununua kwa Mangi siku ya Krismasi, Mangi mwenyewe hayupo, amekwenda kwao. Ni kweli. Kila Desemba mabasi ya Moshi na Rombo huondoka yamejaa, na nusu ya maduka ya mtaa hufungwa makufuli makubwa. Lakini hebu tuulize huenda na nini. Huenda na kile alichokiuza. Tulipolipa, huenda na bati za kuezeka nyumba ya mama yake na ada ya mdogo wake. Tulipompita, huenda na daftari. Wapo waliokaa kwao mpaka Februari kwa sababu hawakuwa na nauli pamoja na mtaji wa kurudia, na fremu zao zikachukuliwa na wauza vifaa vya simu.

Ninaloomba, basi, halihitaji mapinduzi. Mshahara wa Desemba ukitoka, daftari lilipwe kwanza, kabla ya nguo na kabla ya nyama. Mchele, sukari, mafuta, unga wa ngano, chumvi, majani ya chai na soda za wageni vinunuliwe kwa Mangi, kwa fedha taslimu, na bei yake isibishaniwe mno mwezi huo. Anayetaka jibini au divai na aende supamaketi kwa amani, maana Mangi hana. Na Mangi aambiwe mapema. Mtu mwenye mtaji wa fremu moja hawezi kununua katoni tatu za zabibu kavu na magunia manne ya mchele wa Kyela kwa kubahatisha kwamba labda tutakuja; akiambiwa tarehe 8 au 10 kwamba nyumba fulani itahitaji kilo ishirini, huziongeza katika safari yake ya Kariakoo, tena huzipata kwa bei ya jumla iliyo nafuu kabla msongamano wa sikukuu haujaanza. Mangi wa Rombo, ambaye basi lake huondoka tarehe 20, afadhali aambiwe mwanzoni mwa mwezi.